Safu ya Nyuma Isiwashiwe Taa

Nilikuwa nakata viazi vitamu vya kuanika michembe Januari aliposimama mlangoni pa ua. Januari alikuwa utingo wa lori la pamba, na hakuwa mtu wa kusimama mlangoni. Siku zote aliingia moja kwa moja mpaka kwenye chungu.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia mama yangu, aliyekuwa akitandaza vipande juu ya mwamba. Kisha akanionyesha kwa kidevu kwamba nimfuate nje.

"Mama Scola, Ignas kasema uje Geita na lori letu kesho."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi aje yeye. Mimi nina viazi."

Januari alitazama nyuma ya bega langu, kule alikokuwa mama. "Kasema amemwona Thobias," alinong'ona. "Kasema bibi asisikie."

Thobias alikuwa mdogo wangu. Tulimzika masika yaliyopita, hapo hapo Kharumwa. Aliletwa na homa kutoka Geita alikokuwa akichimba dhahabu, akafia kwenye kitanda changu, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Nilirudi nikamalizia viazi. Mama alipouliza, nilisema Ignas ana jipu mguuni, naenda kumtazama. Tangu msiba, mama alikuwa halali vizuri, na mimi sikuwa na nafasi ya kuuguza mtu mwingine nyumbani.

Ignas, mume wangu, alikuwa fundi taa. Alijifunza kutengeneza karabai kwenye duka la Mhindi mjini Shinyanga, lakini kilichompeleka Geita ni ngoma. Wachimbaji walitoka kazini jua likizama, kwa hiyo makundi yalichezea gizani, mawili kwa pamoja, kila moja likivuta watazamaji wa mwenzake. Mabula, manju wa kundi moja, alimchukua Ignas awe wa taa tu. Ignas alipasua madebe, akayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, akayafunga nyuma ya karabai ili mwanga uende anakotaka. Taa akiiweka chini, wachezaji wanakuwa warefu kama milingoti. Akiiweka ubavuni, unaona miguu tu. Watu walihama upande wa pili na kuja kwa Mabula. Mwaka ule wa 1953 wanangu walivaa viatu kwa ajili ya taa zile.

Nilimkuta Kalangalala, hapo hapo Geita, kwenye kibanda nyuma ya uwanja wa ngoma. Alikuwa amekonda. Nilimtazama macho kwanza, kisha nikanusa pumzi yake. Hakuwa amekunywa.

"Mabula alinipa sharti moja," alisema. "Safu ya nyuma isiwashiwe taa. Nilidhani ni wachezaji wanaojifunza, anawaonea haya. Juzi upepo ukageuza debe."

"Ukamwona."

"Anacheza, Serafina. Wamepakwa udongo mweupe wote, lakini nilimwona."

"Na Mabula?"

"Asubuhi aliniletea uji. Akasema, sasa wewe unajua nafasi zilivyo."

Nilimuuliza kwa nini hakufunga virago siku ile ile.

"Ni ndugu yako," alisema. "Ningemwacha vipi bila wewe kujua?"

Jioni nilisaidia kumenya mihogo. Mpishi wa kundi alikuwa mama mmoja wa makamo, Generosa, mcheshi, aliyenitania kwamba nimekuja kumlinda mume wangu na wasichana wa Geita. Nilihesabu sahani, kwa mazoea tu ya mama wa watoto. Zilikuwa chache kuliko wachezaji.

"Safu ya nyuma wanakula wapi?"

Generosa aliacha kucheka. Aliendelea kumenya muhogo ambao ulikuwa umeshamenywa.

"Una mtu wako pale," alisema hatimaye, chini chini.

Nilichukua muhogo mwingine.

"Ukimwona, usimwite. Ukimwita atatoka, atakuja mpaka miguuni pako. Lakini safu haibaki na pengo. Anaingia aliyemmulika."

Jua lilizama. Manju Mabula alipita kunisalimia. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyetamka kila neno polepole. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ya umri wake. "Marahaba, mama," alisema. "Umekuja kumtazama nani?"

"Mume wangu."

"Vizuri," alisema, na akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa.

Ngoma zikaanza. Ignas alinisimamisha karibu na mlingoti wa ubavuni. Mbele kulikuwa na mwanga, jasho, vumbi jekundu, wanawake wakipiga vigelegele. Nyuma ya vumbi hilo kulikuwa na giza, na ndani ya giza kulikuwa na watu. Uliwajua kwa sababu giza lilikuwa likipanda na kushuka.

Niliwasikiliza. Wachezaji wa mbele walihema, walikohoa, walitukanana. Nyuma hakuna aliyehema.

"Nageuza," alinong'ona Ignas. "Kidogo tu."

Aligusa debe. Mwanga ukateleza juu ya vichwa.

Nyuso nyeupe. Vinywa vilivyolegea. Miguu ikipiga chini, vumbi halipandi.

Thobias alikuwa wa tatu.

Alikuwa amenenepa kidogo. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniumiza. Mwanga ulipomfikia, aliinua uso, akaugeuzia taa kama mtoto anayeota jua. Kisha macho yakateremka kwenye mlingoti. Yakanipata. Mdomo ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Hakutoa sauti.

Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilimfikiria mama, nikimwingizia mwanawe mlangoni. Mkono wa Ignas ulikuwa bado kwenye debe, karibu na wangu, umejaa alama za kuungua.

Nikauma upindo wa khanga yangu.

"Zima," nilisema.

"Serafina."

"Geuza taa, Baba Scola. Twende nyumbani."

Akageuza. Giza likarudi mahali pake. Halikuacha kupanda na kushuka.

Hatukuaga. Karabai tuliziacha zikiwaka kwenye milingoti, tukakaa kwenye lori la Januari mpaka lilipoondoka alfajiri. Nilishika mkono wa mume wangu njia nzima, na kila lori lilipotupwa na shimo niliangalia kama bado ni yeye.

Tulifika Kharumwa mchana. Nilichemsha maji, Ignas akaoga, akavaa shati safi nililolitoa mwenyewe sandukuni. Mama aliuliza habari za jipu.

"Limepona," nilisema.

"Ehe," alisema mama.

Nikasonga ugali. Nikapakua mlenda na dagaa. Nikahesabu watu, kama ninavyofanya kila jioni: Scolastika, Herman akigombea kigoda, mama, Ignas, mimi. Wote tulikuwepo. Nikamshukuru Mungu kwa hao niliokuwa nao, nikajilazimisha nisifike mbali zaidi ya hapo.

Ignas aliinama kunawa. Mgongoni, juu ya bega la shati lile safi, palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vyote vitano. Udongo mweupe, mbichi, bado unachuruzika.

Nilitaka kusimama ili nimkinge mama asione. Alikuwa ameshaona.

Alinyoosha mkono wake, akaweka kiganja juu ya alama ile, kidole juu ya kidole, polepole, kama alivyokuwa akimpapasa Thobias alipolala. Akauacha hapo. Ignas hakugeuka. Watoto walikuwa wakitutazama.

"Kuleni," niliwaambia. "Chakula kinapoa."