Marahaba ya Mama Festo

Mimi nikimtazama mtu mara moja tu, habari zake zote ninazo. Nipe kalamu nikuandikie, tena bila kufuta.

Ndivyo nilivyomtazama Raudha siku ya mnada pale Katesh, kwenye lundo la mitumba, tumeshika sweta moja, kila mtu na mkono wake. Matope yalikuwa ya kutosha na baridi ya mlimani ilikuwa inashuka. Alivaa ushungi wa rangi ya haradali, sketi ndefu nyeusi, na mabuti ya mvua ya kijani ambayo alitembea nayo kama viatu vya harusi.

"Niachie sweta, dada," nikamwambia. "Mimi Tawakali, sina mtu wa kuninunulia. Wewe ni mtoto wa tajiri, umeshaposwa, mchumba atakuletea jipya."

Akanipima kuanzia miguuni. "Baba yangu anauza chumvi na viberiti Dongobesh. Sijaposwa. Na sweta ni la mama mmoja aliyepooza upande, nalitaka kwa sababu linafunguka mbele. Umekosa yote, kaka. Hebu jaribu na jina."

Nikasema Sada. Akacheka, akaondoka na sweta.

Jumatatu yake nilimkuta jikoni kwa Mama Festo, ninakofanya kazi. Kumbe aliyepooza ni mama huyo huyo ninayemhudumia mimi. Alikuwa anauza vitenge sokoni mpaka kiharusi kilipomchukulia upande wa kulia pamoja na maneno yote. Mwanawe, Festo, ana duka la vipuri Babati, ndiye aliyetuajiri: mimi asubuhi tangu mwanzo, na sasa Raudha kuanzia mchana. Kila mmoja aliandika kwenye daftari mama ameshindaje, na jioni Raudha alipiga picha ukurasa akamtumia Festo kwa WhatsApp.

Mapenzi yetu yalianzia hapo kwenye kupokezana zamu, kwa matusi ya heshima. Alisema maelezo yangu hayamsaidii mtu. Nimeandika "yuko vizuri", vizuri vipi? Amekula nini? Amelalia ubavu gani, ili yeye amgeuze upande wa pili? Ya kwake yalikuwa hivi: "Uji ameumaliza ukiwa vuguvugu. Jana ulipopoa alifumba mdomo. Anapenda dirisha la barabarani liwe wazi aone watu." Nikamwambia anaandika kama anamwandikia mama mkwe.

"Andika ulichokiona, mpenzi," akasema. "Usiandike unachojifanya unajua."

Alisema mpenzi. Sentensi iliyobaki sikuisikia.

Basi kila asubuhi nikawa naingia kazini na simu sikioni. Shikamoo mama, nasemea mlangoni, huyo jikoni.

"Umeamkaje, sukari ya Dongobesh?"

"Sukari imepanda bei. Mama ameamkaje?"

Nasema salama, tunaendelea kubembelezana mpaka uji unashika chini ya sufuria. Siku moja, nikitaka Raudha aone kwamba na mimi ni mtaalamu, nikaandika: "Hajibu salamu. Fahamu zimepungua asubuhi." Ilipendeza. Ilikaa kama imetoka hospitalini. Kesho yake nikairudia, na keshokutwa yake.

Raudha aliposoma alishtuka. Mchana mama alikuwa mzima kwake, lakini mwandiko ulikuwa wa mtu anayempenda, akaamini labda asubuhi hali ni nyingine. Akampigia Festo.

Jumamosi Festo alifika na pikapu, pamoja na mjomba wake kutoka Nambis. Mama akakae shambani kwa mjomba, apumzike. Kama hatambui tena watu, Katesh anaishi kwa ajili ya nani? Waliyasema hayo juu ya kitanda chake huku wakikunja godoro la wageni, na mama analia kwa upande mmoja wa uso.

Raudha aliingia anahema, mabuti yamejaa tope. Akachuchumaa kando ya kitanda.

"Shikamoo mama."

Festo akafungua mdomo, Raudha akamwomba asubiri. Tukasubiri. Huko nje bodaboda wawili waligombania abiria mpaka wakamaliza. Mdomo wa mama ukaanza kucheza, kisha mkono wa kushoto ukatoka chini ya blanketi, ukapanda mpaka usawa wa kifua, ukasimama.

"Hiyo ndiyo marahaba yake," Raudha akasema. Akanigeukia. "Tawakali, asubuhi huwa unamsubiri?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe ndiyo. Mimi nikatazama mabuti yake. Mtu mzima, umri wa mama yangu, alikuwa ananiitikia kila siku, na kilichopokea marahaba yake ni mgongo wangu. Uso ulinichoma mpaka masikioni.

Festo akasema labda mchana ana nafuu, lakini ya asubuhi si yameandikwa? Ataamua mwisho wa mwezi. Akaondoka na mjomba wake, pikapu tupu.

Raudha aliacha kupokea simu zangu. Aliniambia neno moja tu mlangoni: aliyeandika uongo ndiye wa kuufuta. "Ukishampigia Festo, ndipo unipigie mimi."

Nilianza kumsubiri mama asubuhi. Nachuchumaa, namwamkia, simu iko mfukoni imezimwa, na macho ya mama yananitazama mpaka natamani kujificha chini ya kitanda. Mkono ukipanda, naandika: "Ameitikia kwa mkono wa kushoto. Amechukua muda. Anayechelewa si yeye, ni mimi." Chini yake Raudha akaandika, "Nimesoma." Nilishinda na hilo neno siku nzima kama mtu aliyepewa zawadi.

Hatimaye nikampigia Festo, nimekaa kando ya kitanda cha mama. Nikamweleza kila kitu kilivyokuwa, bila kupunguza, bila kuongeza. Akasema basi mama abaki hapo hapo Katesh.

Mchana Raudha akaja na ushungi mpya wa waridi. Festo alikuwa amempigia kumwambia kwamba mama haendi popote.

"Kumbe ukweli unauweza," akasema.

"Nimemwambia yote, mpenzi. Kwamba nilikuwa nabembeleza mtu kwenye simu huku mama yake ananiitikia."

Akaficha kicheko kwa ncha ya ushungi. Mimi nikaona mlango umefunguka, nikaingia mzima mzima: nimtume mjomba wangu Abdulswamad aende Dongobesh, akaongee na muuza chumvi?

"Mjomba wako anasifika kwa kula."

"Ataenda ameshiba."

"Kama kweli ulimwambia Festo hivyo," akasema taratibu, "mtume."

Kisha akachuchumaa kwa mama kama kawaida yake. "Shikamoo mama. Ulikuwepo akipiga simu. Ndivyo alivyosema?"

Tukasubiri. Mdomo ukacheza. Mkono wa kushoto ukatoka, ukapanda, ukafika kifuani, na haukusimama. Ukaendelea mpaka usoni, ukafunika jicho.

Raudha akanigeukia. "Jicho?"

"Nilimwambia nilikuwa naumwa macho," nikasema. "Kwamba mkono sikuuona."

Akaichukua simu yangu kitandani, akanikabidhi. Mama akashusha mkono, ili anione vizuri.