Basi Tuzae Watatu

Soko la vitambaa lilikuwa limefurika, wauzaji wakiita wateja kwa sauti zilizokauka, na katikati ya msukumano huo mwalimu mmoja wa darasa la tano alisimama ameinua kipande cha kitambaa juani, akikichungulia kwa jicho moja. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri na viatu vilivyojaa vumbi la chaki. Kando yake, nyuma ya cherehani, fundi mmoja mrefu mwenye tepu shingoni aliacha kushona akamtazama.

"Dada, hicho ni cha mapazia. Hakivaliwi machoni."

"Nataka kisichoonyesha," alijibu bila kukishusha. "Nishonewe mfuko. Mtoto akitia mkono asione kilichomo."

"Wewe mwalimu au unapiga ramli?"

"Mwalimu. Nafundisha uwezekano. Ndani naweka vitu vinne, vitatu vyeupe, kimoja cheusi. Mtoto anakisia, anachomoa, anarudisha, anachomoa tena."

"Na akishinda anapewa nini?"

"Anapewa akili."

Fundi alicheka mpaka mguu ukamtoka kwenye cherehani. Alimshonea mfuko hapo hapo, kisha akapekua kopo la vifungo akachagua vinne vya ukubwa mmoja, kwa kuwa vidole vya watoto ni vijanja na wangetambua kikubwa na kidogo. Hakutaka malipo. Alitaka namba ya simu.

Tangu hapo simu ya mwalimu haikupoa.

"Leo umefundisha nini, mpenzi?"

"Kuna mwanafunzi wangu wa dawati la mbele, binti mkaidi huyo. Amechomoa vyeupe mara tatu, akatangaza sasa lazima kije cheusi. Kabishana na darasa zima."

"Kwani uongo?"

"Wewe nawe. Kila ukirudisha kifungo, mfuko unaanza upya. Haujui umetoa nini."

"Moyo wangu mimi unajua umetoa nini, na umempa nani."

"Kashone, Fundi."

Walipendana kweli, bila maringo. Fundi alimshonea blauzi ya hariri yenye mikono mipana, naye mwalimu aliivaa siku alipompeleka Fundi kwao. Posa ikapokelewa. Kilichobaki kilikuwa kupima damu kabla ya ndoa, na kwa kuwa kazi ziliwabana, kila mmoja alikwenda kwa wakati wake.

"Nimepata majibu, mpenzi," Fundi alipiga simu kwa furaha. "Niko mzima. Wanasema nimebeba tu chembe ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ila mimi haiumi wala haitaniuma. Wewe je?"

Mwalimu alikuwa ameshika majibu yake, nayo yalisema hivyo hivyo. Alisingizia mtandao mbovu, akaizima simu.

Ugonjwa huo aliujua. Dada yake alizaa binti aliyekuwa nao, ingawa dada na shemeji walikuwa wazima, wamebeba tu. Maumivu ya mifupa yalipomshika, mtoto alikuwa akimwita mama mdogo aje amkande miguu, na mama mdogo alimkanda huku akisikia mlio mdogo wa mtu aliyechoka hata kulia. Walimzika akiwa darasa la pili. Siku hiyo mwalimu aliapa kwamba yeye hatamleta mtoto duniani kuja kuteseka vile.

Siku zikapita hapokei simu. Mwishowe Fundi akaja shuleni wakati wa mapumziko, shati limenyooshwa vizuri, macho mekundu.

"Nani huyo?" aliuliza mlangoni mwa darasa. "Niambie tu, nijue nimeshindwa na nani."

"Hakuna mtu. Kaa."

Alikaa kwenye kidawati, magoti yakamfika kifuani. Mwalimu akamweleza yote: majibu yake, binti wa dada yake, na kwamba wakikutana wawili waliobeba, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne kuleta mtoto mgonjwa. Wivu ulimtoka Fundi usoni taratibu, na alipoinua kichwa alikuwa karibu kutabasamu.

"Hilo tu? Nilidhani umepata mwanaume. Mmoja kati ya wanne. Basi tuzae watatu, tuishie hapo."

Mwalimu alimtazama. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na akajua kwamba wamekwisha. Alichukua mfuko mezani.

"Chomoa. Huyu mtoto wa kwanza."

Cheupe. Fundi akashusha pumzi.

"Rudisha. Wa pili."

Cheusi.

"Rudisha. Wa tatu."

Fundi alizungusha vidole mle ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akatoa cheusi tena.

"Nirudie," alisema kwa sauti ya chini. "Sikukoroga vizuri."

"Huyo hurudishi, mpenzi wangu. Huyo ana jina tayari, anakuita baba, na miguu inamuuma."

Kisha Fundi akamshika mkono.

"Basi tusizae kabisa. Nakutaka wewe. Watoto tuache."

Moyo wa mwalimu uliruka. Alitamani kuishia hapo, asiulize kitu.

"Sema tena," alimwambia hata hivyo. "Niangalie usoni, useme."

Fundi alimwangalia, akafungua mdomo. Nje mpira uligonga ukuta, kicheko cha watoto kikafuata, na macho yake yakaenda dirishani yenyewe, yakakaa huko, yakalainika. Kisha akayarudisha kwa mwalimu.

"Naweza kujifunza," alisema.

"Utajifunza. Na siku moja tutakuwa tunakula, utaniangalia, utaona nilichokunyima."

"Kwa hiyo?"

"Nenda, Fundi. Nenda kabla sijakuomba ubaki."

Aliinuka, akatoka. Alikuwa mwanaume mwenye kumsikiliza mpenzi wake, na mwalimu alimpendea hilo tangu mwanzo. Sasa alisimama nyuma ya mlango akimwomba Mungu mara hii moja asimsikilize. Fundi alivuka uwanja katikati ya watoto, akafungua geti, akalifunga vizuri nyuma yake.