Utupa Kwenye Kinu

Kila Jumamosi Yusta hufagia uwanja, huchota maji, kisha hutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kabla mama yake hajarudi kutoka shambani. Jumamosi hii alifagia na maji akachota, lakini alichotwanga hakikuwa sombe.

Yeye na binamu yake Elisante walikwenda ukingoni mwa msitu wa Kagerankanda wakachuma utupa. Ni mti mfupi wa jamii ya maharage, huota wenyewe na kudumu miaka. Majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni, samaki hulewa na kuelea. Kijijini uvuvi huo ulikatazwa, maana watu wa bondeni hunywa maji hayohayo. Wao wakajiambia ni kidogo tu, nani atajua? Wakauponda kinuni, wakatia kwenye ndoo, mwingine wakauacha humohumo. Mtoni wakamkuta mzee Gharibu ananywesha ng'ombe. Wakaumwaga kichakani, wakarudi mikono mitupu.

Yusta alipofika nyumbani alikuta chungu kinachemka, na kinu kimelazwa ubavu, kitupu.

"Leo umenifurahisha, mwanangu," alisema mama yake, Josepha. "Nimekuta umeshaanza kutwanga sombe, mimi nikaongezea tu majani yangu."

Yusta akajua utupa umo chunguni. Akisema, itajulikana alikwenda kuvua, na baba yake hana mchezo na fimbo. Asiposema, je? Mdogo wake Stanislaus alikuwa amekaa karibu na jiko, bakuli mapajani, analilia chakula. Mama akachota sombe kidogo kwa mwiko, akaonja chumvi. Yusta aliona. Alifungua mdomo, akaufunga tena. Akaomba chungu kipasuke, au mvua inyeshe, lolote litokee ili yeye asiseme.

Hakuna kilichotokea. Mama akapakua. Stanislaus akamega ugali, akauchovya, akaupeleka mdomoni. Yusta akaruka, akaupiga ule mkono. Bakuli likamwagika, mtoto akaangua kilio.

"Una wazimu wewe?" mama akainuka.

"Ni utupa, mama. Ule uliokuwa kinuni ni utupa. Tuliutwanga mimi na Elisante."

Mama akakaa chini taratibu. "Na mimi nimeonja mara mbili," alisema. "Mara moja kabla hujafika, na mara moja ukiwa hapa."

Baba yake, Anatoli, alifika wakati huohuo. Alipoelezwa, hakutaja fimbo. Aliita bodaboda, na Yusta akachukua tawi la utupa lililobaki nyuma ya nyumba, wakaenda zahanati. Mama alishika tumbo njia nzima. Nesi Mwanahawa, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa huku, alilitazama lile tawi, akasema wamefanya vizuri kulileta. Akamlaza mama, akafunga mlango. Yusta alikaa kwenye benchi nje, anatetemeka, akiwaza atamwambia nini Stanislaus mama asipotoka.

Jioni mama aliomba uji. Nesi akatoka, akaketi karibu na Yusta.

"Mama yako atapona, alionja kidogo," alisema. "Na mdogo wako umemwokoa. Ila nikwambie ukweli. Ungesema ulipofika tu, mama asingeonja mara ya pili. Kuogopa viboko si dhambi, sote tunaogopa. Siku nyingine ukiogopa, sema hivyohivyo unavyotetemeka. Usingoje hofu iishe, maana sumu haikungoji."

Yusta alilia. Baba yake, aliyesimama mlangoni, akasema kesho atakichoma kile kinu.

Moyo wa Yusta ukaanza kudunda upya. Safari hii hakungoja.

"Baba, na ndoo nyekundu ya maji. Ndiyo tuliyobebea utupa. Sikuiosha."

Baba akatoa simu, akampigia jirani aliyebaki na Stanislaus. "Ile ndoo nyekundu," alisema, "asiiguse mtu. Yusta ameniambia."