Mimba ya Mwalimu Désiré

Kwa Papa Hilaire, kule Mangobo, asubuhi inaanza na harufu ya mafuta. Mke wake, Marie-Jeanne, anakaanga mikate ya mviringo mbele ya nyumba. Watu wa toleka wanasimamisha baiskeli zao, wanakula wakiwa wamesimama, kisha wanaenda kutafuta abiria. Hatua tatu kutoka kwenye moto kuna meza. Juu ya meza kuna ordinateur, ndiyo kompyuta, na imprimante ya kuchapa. Ukutani kuna ubao: SECRÉTARIAT PUBLIC, BARUA ZA KILA NAMNA. Hapo ndipo Papa Hilaire anapotawala.

Papa Hilaire alikuwa karani wa serikali miaka ishirini na sita. Alipiga mashine ya zamani kwa vidole kumi, bila kuangalia. Alipopata ordinateur alifurahi kwa jambo moja tu: haikutaka karatasi ya kaboni. Mengine yote aliyaona mapambo. Juu ya kioo kuna mstari wa picha ndogondogo, ndizo bouton za kazi. Siku moja aligusa mahali asipopajua, mstari wote ukapotea. Alifanya kazi wiki mbili bila mstari ule, na hakumwambia mtu.

Namna yake ya kazi ilikuwa hii. Mteja akija kutaka barua, Papa Hilaire anafungua barua ya mteja wa jana. Anafuta jina la jana, anaandika jina la leo. Kisha anabonyeza Enregistrer, yaani hifadhi. Barua ya leo inazaliwa, ya jana inakufa. Yeye aliita hiyo "kuchonga". Usimcheke haraka, msomaji. Mimi mwenyewe nimechonga barua nyingi, na moja iliniletea aibu ambayo siwezi kuisimulia hapa.

Tena hakupenda mtu asome barua mbele yake.

"Mutu akisoma kazi yangu mbele ya kutia sahihi, ananizarau," alisema.

Basi watu walitia sahihi, wakaenda zao.

Siku ya Jumatatu akaja Désiré, mdogo wake Marie-Jeanne. Désiré ni mwalimu wa darasa la tano.

"Shemeki, niko na haraka," alimwambia Papa Hilaire. "Nataka congé, ruhusa ya siku kumi. Siku ya ine napanda mashua ya baleinière, naenda Basoko kwao Delphine."

"Mara hii utafika kweli?" Marie-Jeanne aliuliza kutoka kwenye moto. "Mara ya kwanza walipika, haukufika. Mara ya pili walipika, haukufika."

"Yaya, mara ya kwanza ilikuwa examens za shule. Mara ya pili ilikuwa malaria."

"Wao wanajua sufuria tu."

Désiré alijua dada yake anasema kweli. Mjomba wake Delphine alikuwa ametuma neno: familia itakusanyika Jumamosi, mara ya tatu na ya mwisho. Désiré asipofika, kuna mfanyabiashara wa samaki wa Isangi ambaye ameomba posa kwa adabu muda mrefu. Na Désiré alimpenda Delphine mpaka akashindwa kumaliza lituma, ile ndizi ya kuponda, yeye mtu wa Kisangani.

Papa Hilaire akafungua barua ya mwisho. Ilikuwa ya Maman Fanny, muuguzi, aliyeomba congé ya kwenda kujifungua. Akaanza kuchonga. Akabadilisha jina. Akabadilisha kazi. Akabadilisha tarehe na siku za congé. Akiwa pale, mtu mmoja wa toleka akaanza kugombana na Marie-Jeanne kwamba mkate wake ni mdogo kuliko wa mwenzake. Papa Hilaire akainuka kuamua kesi. Alipima mikate miwili kwa macho, akampa bibi yake haki, akarudi kwenye meza na kubonyeza bouton ya imprimante. Désiré akatia sahihi bila kusoma, akaenda mbio.

Jumatano asubuhi, kabla ya masomo, directeur wa shule aliwaita walimu wote. Ana desturi ya kusoma maombi ya congé kwa sauti, ili kila mtu ajue nani hatakuwepo. Barua za kazi kwetu huandikwa kwa Kifaransa. Mimi nakutafsiria.

"Bwana Directeur," alisoma, "mimi Désiré, mwalimu wa darasa la tano, naomba congé ya siku kumi, kwa sababu mimba yangu imefika miezi minane, na daktari amenikataza kusimama muda mrefu."

Watu walimgeukia Désiré. Kisha mwalimu wa darasa la kwanza akainuka, akamletea Désiré kiti.

"Désiré," alisema directeur, "sisi wote tuko na furaha. Miezi munane, na haukutuambia kitu. Lakini mimi nilifundisha sayansi. Inspecteur akiona sahihi yangu kwa hii barua, mimi ndiye nitaenda congé. Lete barua ya kweli leo mbele ya midi, saa sita. Kisha midi naenda Yangambi, narudi siku ya kwanza, Jumatatu. Bila barua, hakuna congé."

Wakati wa récréation, mapumziko ya asubuhi, Désiré alipanda toleka mpaka Mangobo. Aliweka barua mezani bila kusalimia. Papa Hilaire aliisoma. Aliisoma tena.

"Jina ni lako," alisema mwishowe. "Na tarehe iko sawa."

Marie-Jeanne akainyakua karatasi, akasoma, akakaa chini. Alicheka mpaka mikate minne ikaungua.

"Na barua ya Maman Fanny iko wapi?" aliuliza akipangusa macho.

"Ni hii."

"Donc Maman Fanny amekuwa mwalimu wa darasa la tano."

Désiré hakucheka. Alichukua barua, mikono yake ikaikunja na kuikunjua. "Shemeki," alisema, "nikikosa baleinière ya kesho, Delphine anaolewa Isangi. Sikuombi tena kitu kingine katika maisha yangu."

Papa Hilaire aliona aibu kubwa. Miaka ishirini na sita hakuna mkubwa aliyewahi kurudisha barua yake. "Nipe dakika mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Nitachonga tena."

"Utachonga juu ya nini, papa? Juu ya ile mimba?"

Aliyesema hivyo ni Patricia, jirani wa parcelle ya nyuma. Alikuwa amekuja kununua mikate. Patricia anafanya kazi katika ofisi ambapo wanaandika barua mia kwa juma. Wiki ile yeye pia alikuwa congé. Barua yake aliiandika mwenyewe.

"Maman Marie-Jeanne," alisema Patricia, "unaweza kukamata mukate ambao mutu ameuma, ukaziba na unga pale alipouma, ukauzisha mutu mwingine?"

"Patricia, heshimu kazi yangu."

"Basi papa anafanya vile na barua. Wewe kila asubuhi unakanda unga mupya. Lakini kikaango?"

"Kikaango ni kile kile."

"Voilà. Ordinateur nayo iko na kikaango. Inaitwa modèle. Mukate unaenda na mutu, kikaango kinabaki."

Papa Hilaire hakupenda kufundishwa mbele ya watu wa toleka. Lakini aliangalia mikono ya Désiré, akasogeza kiti. "Bon," alisema. "Nionyeshe."

Patricia hakugusa kitu. Alimwacha mzee aandike mwenyewe. "Fungua karatasi mupya, tupu. Andika barua ya congé ambayo haina mutu. Pale pa jina acha mahali, utie rangi ya njano. Pale pa kazi, njano. Pale pa siku, njano. Pale pa sababu, njano."

Papa Hilaire aliandika ta-ta-ta. Barua ikawa safi, na ndani yake mna mapengo manne ya njano.

"Sasa usibonyeze Enregistrer," alisema Patricia. "Enda kwa Enregistrer sous. Pale pa kuchagua aina, chagua modèle, ile inayokubali macro. Ita jina: congé."

"Macro ni nini?"

"Inakuja. Kichwa cha barua, ile Kisangani, tarehe, Bwana Directeur, unaandika kila mara namna moja?"

"Miaka makumi mbili na sita."

"Leo unaandika mara ya mwisho."

"Patricia, saa inaenda," alisema Désiré. Alikuwa amesimama kando ya baiskeli ya toleka, mguu mmoja tayari.

"Dakika tano. Ukienda na barua ya kuchongwa mbiombio, utarudi na mapacha."

Désiré akashusha mguu.

Patricia akaeleza polepole. Macro ni maagizo ambayo ordinateur inayashika kichwani. Unaiambia: nitazame. Inatazama kila kitu vidole vyako vinafanya. Unaiambia: basi. Kuanzia siku ile, ukibonyeza bouton moja, inarudia yote yenyewe.

"Enda kwa Affichage, kisha Macros, kisha Enregistrer une macro," alisema. "Inakuuliza jina. Inakuuliza pa kuweka. Chagua modèle yako ya congé. Sasa inatazama. Na ujue jambo moja, papa: wakati inatazama, souris, hii panya ya mukono, haiwezi kuchagua maneno. Ni vidole tu."

Papa Hilaire akainua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Vidole tu?"

"Vidole tu."

"Hii mashine iko na akili kidogo," alisema.

Akaandika kichwa cha barua. Tarehe hakuiandika kwa mkono. Patricia alimwonyesha mahali pa kuichagua, ili kila siku mashine iweke tarehe ya siku ile. Kazi ilikuwa nzuri sana. Pale pale mtu wa toleka akaita kutoka barabarani: mikate kumi na pilipili, atapita kuichukua. Marie-Jeanne alikuwa na unga mikononi. Papa Hilaire, ambaye huandika maombi ya wateja popote vidole vyake vilipo, akaandika. Kisha akafuta yale maneno, yasikae kwenye barua. Aliyafuta nusu. Ndipo akakumbuka kusimamisha macro.

"Sasa tuipe bouton," alisema Patricia. "Ule mustari wa juu kabisa, bonyeza kwa upande wa kuume wa souris. Zile bouton usizotumia, ondoa. Hazikasiriki. Zile unazotumia, leta. Macro yako nayo, leta, na uichagulie picha."

Picha zilitokea nyingi. Papa Hilaire akataka kengele. Marie-Jeanne aliinama juu ya bega lake, akaonyesha picha moja ya duara, ya njano, yenye macho na mdomo unaocheka.

"Ile," alisema. "Inafanana na mukate."

Kwa hiyo ikawa bouton ya mukate. Papa Hilaire akafuta kichwa kile kwenye modèle, kwa maana sasa kiko ndani ya macro, akaihifadhi na kuifunga.

Patricia akamwambia afungue karatasi mpya kutoka kwenye modèle. Ikafunguka, safi, haina jina la mtu. Modèle yenyewe haikuguswa. Papa Hilaire akajaza njano ya kwanza: Désiré. Ya pili: mwalimu. Ya tatu: siku kumi. Ya nne aliijaza polepole, akisema kila neno kwa sauti: kwa sababu ya ndoa yake. Kisha akabonyeza mukate. Kichwa cha barua kikaruka chenyewe mahali pake, na tarehe ya leo. Papa Hilaire alifurahi waziwazi. Akanyoosha kidole kwenye bouton ya imprimante.

"Ngoja," alisema Désiré. "Mara hii nasoma."

Marie-Jeanne alimwangalia mume wake. Papa Hilaire akageuza kioo ili shemeki yake asome vizuri.

"Kisangani, tarehe ya leo," alisoma Désiré. "Kwa Bwana Directeur, mikate kumi na pilipili."

Papa Hilaire mwenyewe akaanza kucheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu alipotoka serikalini. Alicheka mpaka miwani yake ikaanguka juu ya vibonyezo vya clavier.

"Macro inatazama yote," alisema Patricia. "Haijui kama unafanya kazi ao unauzisha mikate. Mbele ya kuanza, jua unataka kufanya nini. Ukimaliza, simamisha. Kisha jaribu mbele ya mutu kutia sahihi."

Papa Hilaire akafuta ile macro, akarekodi nyingine. Safari hii Marie-Jeanne alisimama barabarani na kukataza watu wasiseme. Mukate ukabonyezwa. Désiré akasoma mara mbili, akatia sahihi, akapanda toleka. Alifika shuleni directeur akiwa tayari amevaa kofia ya safari. Directeur akasoma, akatia sahihi, akaangalia tumbo la Désiré.

"Pole," alisema. "Nilikuwa nimezoea ile habari."

Alhamisi Désiré akapanda baleinière. Jumamosi walipika mara ya tatu, na mara hii alikula.

Kwa Papa Hilaire kazi ilibadilika. Sasa ana modèle nane: ya congé, ya kuomba kazi, ya kumwalika mtu kwenye ubatizo, na nyingine. Kila barua ya mteja ina jina lake na inakaa peke yake. Maman Fanny aliporudi kutaka nakala ya barua yake, aliandikiwa yake upya, bila kulipa, na akasamehe. Patricia aliongeza onyo moja, na Papa Hilaire akaliandika na kulibandika ukutani: macro ya mtu usiyemjua, ikija kwenye clé, kile kijiti cha USB, na kukuomba ruhusa, kataa, kwa maana hujui iliagizwa nini. Chini yake aliandika kwa mkono wake: SOMA MBELE YA KUTIA SAHIHI. Mteja asiyesoma, sasa ndiye anayemkasirisha.

Miezi kumi na moja ilipita. Asubuhi moja Désiré akasimama tena mbele ya meza, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaomba ruhusa ya siku tatu. Papa Hilaire akafungua modèle, akajaza njano nne, akabonyeza mukate. Désiré akasoma mara mbili.

Kesho yake directeur aliwaita walimu, akasoma kwa sauti: mwalimu Désiré anaomba siku tatu, kwa sababu bibi yake Delphine amejifungua mtoto wa kike. Mwalimu wa darasa la kwanza akainuka, akaleta kiti.

Directeur alichukua bic, akatia sahihi, akaandika kando maneno machache, akamrudishia Désiré karatasi. Désiré akasoma:

"Imekubaliwa. Tunamngoja tangu mwaka jana."