Mshale Uliopanda Kinyume

Kila Jumamosi Chiriku alifagia karakana, akapanga bisibisi kwa ukubwa, kisha akamfuata mama yake gatini. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya mdomo usiotulia. Mama yake alikuwa fundi umeme wa boti, na binti huyo alikwisha kujua kazi nyingi.

Siku hiyo walibadilisha vipimo vya dashibodi katika boti ya matembezi ya Baba Pacha, daktari wa meno. Vya zamani vilikuwa vimeingia ukungu hata havisomeki.

"Kimebaki cha mafuta," mama alisema. "Fungua skrubu juu ya tangi, utoe boya linaloelea juu ya mafuta. Ukiliinua, mshale uende kwenye kujaa. Ukilishusha, uende kwenye tupu. Vipimo vingine havipatani na boya, husoma kinyume. Mimi natazama boti ya pili."

Chiriku aliichukia harufu ya petroli, na rafiki zake walikuwa wanamwita wakaogelee. Akawasha swichi tu. Tangi lilikuwa nusu, na mshale ukasimama katikati. Inatosha, akajiambia.

"Umepima?" mama aliuliza aliporudi.

"Nimepima, mama."

Mchana Baba Pacha alitoka na mabinti zake wawili. Baadaye upepo ulianza kuvuma kwa nguvu. Mama na Chiriku walikuwa wanakula karakanani simu ilipolia.

"Fundi, umenifungia kitu cha ajabu!" Baba Pacha alicheka. "Kadiri tunavyokwenda, mshale unapanda. Boti inajitengenezea mafuta!"

Mama hakucheka. "Chiriku, boya ulilishusha?"

"Nili... nililishusha."

"Basi ni waya umelegea," mama alimwambia Baba Pacha. "Msiwe na wasiwasi, endeleeni tu na..."

Chiriku alitazama nje. Mawimbi yalikuwa yameanza kutoa povu.

"Mama, nimekudanganya! Sikulitoa boya kabisa!"

Uso wa mama ulibadilika. "Daktari, nisikilize! Mshale unasoma kinyume, tangi linakauka. Elekea ufuko ulio karibu sasa hivi. Wavalishe watoto majaketi ya kuokolea. Nakuja!"

Waliondoka na mlinzi wa gati katika boti yake. Waliikuta boti ya Baba Pacha imezimika, mawimbi yanaipiga ubavuni. Pacha walikuwa wamekumbatiana, mmoja anatapika. Mlinzi alirusha kamba, wakavutwa polepole mpaka gatini.

"Kamwambie mwenyewe," mama alisema.

Chiriku alisema yote, machozi yakimtoka. Baba Pacha hakufoka. Aliwatazama wanawe, na Chiriku aliona heri angefokewa.

Kisha mama alimpa bisibisi. Chiriku alitoa boya, akalishusha, na mshale ukapanda hadi mwisho. Mama alikifungua kipimo kile ili kibadilishwe.

"Umenikasirikia, mama?"

"Sana. Uvivu peke yake ungetuchelewesha kidogo tu, mwanangu. Lakini ulisema 'nimepima', na watu wakaingia majini kwa kuliamini neno lako. Siku nyingine kama hujapima, sema hujapima. Nitanuna, nitapima mwenyewe, na watoto wa watu watarudi kwao salama."