Robo Saa Baada ya Chai

Naziha alikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha kushona mashati mjini Ksar Hellal. Kila asubuhi alipita kati ya cherehani akisema, "Mikono ifanye kazi, midomo ipumzike!"

Siku moja alimkuta Mabrouka, fundi mgeni, amejibanza nyuma ya majora ya vitambaa. Alikuwa analia. Mapajani alikuwa na kola kumi na moja, zote zimepinda.

"Mbona hukuuliza?" Naziha alisema.

"Nimuulize nani, dada? Umetukataza kuongea. Tena ukijua siwezi, si utanifukuza?"

Maneno yale yalimchoma Naziha.

Bi Dalenda, fundi mkongwe, aliwasikia. Akaja na kitambaa, akamketisha Mabrouka kwenye cherehani.

"Usikivute, mwanangu. Kisindikize tu, kama mtoto anayeanza kutembea."

Kola ya kwanza ilipinda kidogo. Ya pili ikanyooka. Mabrouka akacheka, machozi hayajakauka.

"Bi Dalenda, kumbe unajua kufundisha! Ulikuwa wapi siku zote?" Naziha aliuliza.

"Nilikuwa nakuogopa wewe!" Bi Dalenda alijibu. "Kazi hii sikuisomea darasani. Nilikaa na mwenzangu, nikatazama, nikakosea, akanirekebisha. Tupe robo saa kila siku baada ya chai. Anayejua amwonyeshe asiyejua. Na asiyejua asichekwe."

"Kazi haitasimama?"

"Na kola hizi kumi na moja, ni kazi inayokwenda?"

Kesho yake wakaanza. Ikaonekana Mabrouka anaijua cherehani mpya ya kompyuta, ile ambayo mafundi wakongwe waliikwepa.

"Bonyeza, Bi Dalenda, haiumi!"

"Ikiniuma nitakung'ata wewe!"

Siku ya nne Naziha alivuta kiti. "Nami nionyesheni," alisema kwa sauti ndogo. "Kola sijawahi kuiweza."

Mabrouka akainuka, akampisha kwenye cherehani yake.

Mwezi haukuisha, kola zilizoharibika zikawa chache. Mafundi waliulizana bila kuona haya.

Shati la kwanza aliloshona Naziha alimpelekea baba yake. Mzee alilivaa siku ya Idi, kola imelala upande mmoja.

"Nani kakufundisha, binti yangu?"

"Mafundi wangu, baba," Naziha alisema, akamfunga kifungo cha juu.