Mashine Ionyeshe Ziro

Mlango ulibamizwa. Komeo likashuka.

"Kaa hapo mpaka uchaguzi uishe," Voss akasema kutoka nje.

Jasusi Kipkosgei alikuwa amefungiwa stoo ya kuni, ubavuni mwa boila ya kiwanda cha chai. Dirisha hakuna. Joto lilizidi kupanda. Voss na watu wake walimpokonya bastola yake ya Browning, wasijue redio ya Motorola ilikuwa mgongoni chini ya koti.

Betri ilibaki na dakika moja, basi.

Saa mbili kasoro kumi asubuhi. Saa mbili wakulima wangechagua wakurugenzi kwa mashine mpya ya kura. Voss, fundi wa ng'ambo aliyeileta, alikwisha kuitia kura mia tatu za vibaraka wake, ili wakishinda wamuuzie tajiri wake kiwanda kwa bei ya kutupa.

Awaite polisi? Wangemtoa, ndiyo. Pia wangesimamisha uchaguzi, na hakuna mkulima ambaye angeamini mashine tena. Kipkosgei aliogopa kufia humo, aliogopa kweli kweli.

Hata hivyo akabonyeza redio kumwita karani msimamizi wa uchaguzi, aliyekuwa na redio kama yake.

"Jerusa. Nimefungiwa stoo ya kuni. Mashine ina kura tayari."

"Nikisema hivyo watadai nimehongwa."

"Usiseme. Karani wa majani hufanya nini kabla ya kupima?"

"Anaonyesha watu mizani ikiwa tupu."

"Haya."

Redio ikazima.

Alibandika sikio ukutani, jasho likimchoma macho. Kipaza sauti cha uwanjani kikakoroma, kisha ikasikika sauti ya Jerusa.

"Wazee na akina mama, kwanza mashine ionyeshe ziro."

"Hakuna haja," Voss akadakia. "Tutachelewa."

Hapo alijimaliza. Huwezi kumwambia mkulima wa chai hivyo.

"Miaka thelathini napimiwa majani," akasema Chepkemboi, bibi wa kwanza kwenye foleni. "Onyesha."

Karatasi ikachapwa. Mia tatu.

Ghasia ilichukua muda kutulia. Kisha mashine ikafutwa, ikajaribiwa kwa kura moja, ikafutwa tena. Kila mtu akaisoma ziro kwa macho yake.

Mlango ulifunguliwa saa nne. Kipkosgei alitoka akikohoa, shati limemganda.

"Pole sana," Jerusa akasema, akimrudishia bastola aliyonyang'anywa Voss. "Wakulima walinikataza kuiacha mashine hadi nipate wa kunishikia zamu."

"Voss?"

"Akina mama wa kijiji cha Silibwet wamemkalia. Polisi wako njiani."

"Na mashine, bado wanaihofia?"

"Wanaichunga. Hata mimi siruhusiwi kuigusa peke yangu."

Kipkosgei alicheka, akapangusa masizi usoni, akapita kando ya foleni ndefu kuelekea Land Rover yake. Hakuna aliyegeuka kumtazama.